TULIVYOTAZAMA AKIBA ZETU KWA SIMU HAPA KINYAMASEKE

Kwa miaka mingi mfanyakazi wa kiwandani na wa shambani amekatwa sehemu ya mshahara wake kila mwezi, akaambiwa kwamba fedha hiyo inawekwa akiba kwa ajili ya uzee wake. Ameambiwa na karani, akaamini. Ameambiwa na nyapara, akaamini. Lakini kuiona kwa macho yake hakuiona, mpaka siku ile nywele zimekuwa nyeupe na mgongo umepinda, ndipo anapokwenda ofisini kudai haki yake. Huko hupewa hesabu ambayo hawezi kuibishia, kwa sababu hana karatasi hata moja mkononi.

Leo hali imebadilika kidogo. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii wa Uganda, ambao wengi wetu tunauita NSSF, umefungua njia ya mwanachama kutazama akiba yake kwa simu au kwa kompyuta, bila kumwomba mtu ruhusa. Sisi wa tawi la Kinyamaseke tulikuwa tumesikia habari hizo muda mrefu, lakini tulizisikia kama mtu anavyosikia habari za mvua iliyonyesha nchi nyingine. Mwishowe tukaamua kwamba tusikae kusikia tu, tujaribu wenyewe. Makala haya yanaeleza jinsi tulivyojaribu, yaliyotufaa, yaliyotushinda, na fundisho tulilolipata.

JUMAPILI CHINI YA MWEMBE

Kwa wale wasiopajua, Kinyamaseke ni mji mdogo katika Wilaya ya Kasese, kando ya barabara itokayo Kikorongo kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe. Ni tambarare yenye joto, na milima ya Rwenzori iko nyuma yake. Pamba inalimwa huku chini, kahawa inateremka kutoka milimani. Wanachama wetu wamo katika kazi mbalimbali: wako wa kuchambua pamba, wako wa kukoboa na kuchagua kahawa, wako wa mashambani, wako wa ujenzi, na wengine wanafanya kazi mbali na kurudi nyumbani mwisho wa juma.

Tulikutana Jumapili moja alasiri, watu 14. Simu za kisasa zenye kioo kikubwa zilikuwa 5 tu. Watu 8 walikuwa na simu ndogo za vitufe, zile zenye tochi. Mmoja hakuwa na simu kabisa. Huyo ni Mzee wetu aliyefanya kazi Kilembe zamani, kabla uchimbaji wa shaba haujasimama mwaka 1982. Alisema amekuja kushuhudia kama mambo haya ni kweli au ni maneno ya vijana.

Mzee ndiye aliyefungua mazungumzo. Alitueleza kwamba enzi zake mshahara uliandikwa katika kitabu kikubwa, kitabu kikakaa kwa karani, na mfanyakazi asiyejua kusoma alitia dole gumba mahali alipoonyeshwa. "Nilitia dole langu miaka yote ile," alisema, "na sikujua hata siku moja kilichoandikwa juu yake."

Maneno hayo yalitunyamazisha wote. Ndipo tukaanza kazi.

SHERIA INASEMA NINI

Kabla ya kugusa simu tulikumbushana sheria kwanza, maana mtu asiyejua haki yake hata akiiona haitambui.

Hifadhi ya jamii katika nchi yetu ilianza kwa sheria ya mwaka 1967, na Mfuko huu tulio nao uliundwa kwa sheria ya mwaka 1985. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara wake. Mwajiri anaongeza asilimia 10 kutoka fedha yake mwenyewe. Jumla ni asilimia 15. Mwajiri anatakiwa kuifikisha fedha hiyo kwenye Mfuko ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Ile asilimia 10 ni mzigo wa mwajiri, na sheria inamkataza kuikata katika mshahara wa mfanyakazi.

Tupige hesabu ndogo. Mfanyakazi mwenye mshahara wa shilingi 300,000 kwa mwezi anakatwa 15,000. Mwajiri anaongeza 30,000. Kila mwezi akaunti yake inatakiwa kuingia shilingi 45,000, na kwa mwaka mzima 540,000. Juu ya hiyo kuna riba. Kwa mwaka wa fedha wa 2022/23 Mfuko ulitangaza riba ya asilimia 10, na kwa mwaka wa 2023/24 asilimia 11.5. Kwa hiyo mwajiri anapochelewesha fedha, mfanyakazi hukosa pia riba ambayo fedha hiyo ingemzalia kila mwaka mpaka uzeeni.

Sheria ilirekebishwa mwezi wa Januari 2022, na mambo mawili katika marekebisho hayo yanatugusa sana. La kwanza, zamani mwajiri mwenye wafanyakazi wasiofika 5 hakulazimishwa kuwachangia. Sasa kila mwajiri analazimika, hata akiwa na mfanyakazi mmoja. La pili, mwanachama aliyefika miaka 45 na ambaye amechanga kwa miaka 10 au zaidi anaweza kuchukua sehemu ya akiba yake, isiyozidi asilimia 20, bila kungoja miaka 55. Mwenye ulemavu anaweza kufanya hivyo akifika miaka 40, naye anaruhusiwa mpaka asilimia 50.

Sasa fikirini, ndugu: mtu atahesabuje miaka yake 10 ya kuchanga ikiwa hajui mwezi gani ulilipwa na mwezi gani haukulipwa?

JINSI TULIVYOJARIBU

Katibu wa tawi alinunua bando la intaneti kwa fedha ya tawi. Hapa msomaji asisahau kwamba bando nalo lina kodi. Mwaka 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Kodi hiyo iliondolewa mwezi wa Julai 2021, na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya bando. Kwa hiyo hata kutazama haki yako kuna gharama yake, na ndiyo maana tuliona afadhali tawi linunue bando moja litumike na watu wengi.

Njia yenyewe si ngumu. Mwanachama anaweka namba yake ya Mfuko na namba ya kitambulisho cha taifa. Kisha Mfuko unamtumia tarakimu chache kwa ujumbe wa simu, naye anaziandika ili kuthibitisha kwamba ni yeye. Baada ya hapo anachagua namba yake ya siri. Akiingia anaona jumla ya akiba yake, na akifungua taarifa kamili anaona michango mwezi kwa mwezi, pamoja na mwajiri aliyeilipa. Mwenye simu ndogo ya vitufe naye hakutupwa. Iko namba fupi ya kupiga, inayoanza kwa alama ya nyota, ambayo humwonyesha salio lake bila intaneti.

Haya ni rahisi kuyaandika. Kuyafanya chini ya mwembe, jua kali na mtandao unakuja na kwenda, ni jambo jingine. Tulipata vikwazo vitatu.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa majina. Sisi Bakonzo, kama mjuavyo, tunawapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa. Mtoto wa kiume wa pili ni Bwambale, wa tatu ni Masereka. Mtoto wa kike wa pili ni Biira, wa tatu ni Kabugho. Ni desturi nzuri, lakini kiwanda kimoja kinaweza kuwa na Bwambale sita, na karani aliyechoka anawachanganya. Tena jina la kitambulisho linaandikwa hivi na jina la Mfuko vile, herufi moja ikizidi au jina la dini likitangulia, na mashine inakataa. Tulijifunza hapo kwamba mfanyakazi asitegemee jina peke yake. Aikariri namba yake ya Mfuko kama anavyokariri jina la mama yake.

Kikwazo cha pili kilikuwa laini za simu. Dada mmoja alingoja zile tarakimu, hazikuja. Tulipochunguza tukagundua kwamba namba aliyoandikishwa kwenye Mfuko ni ya zamani, ambayo sasa inatumiwa na kaka yake. Tarakimu zilikuwa zinaingia katika simu ya kaka yake, naye alikuwa gulioni Mpondwe!

Kikwazo cha tatu kilikuwa woga na aibu. Wako wenzetu wasiojua kusoma vizuri, na wako wazee ambao macho yamepungua nguvu. Hao walitaka kumpa kijana simu, kitambulisho na namba ya siri, vyote pamoja, ili awafanyie. Tulikataa. Tuliwekeana sharti kwamba msaidizi atasoma kwa sauti na kuonyesha mahali pa kubonyeza, lakini namba ya siri ataibonyeza mwenyewe mwenye akaunti, na wengine wote watatazama pembeni. Mama mmoja alichukua muda mrefu kubonyeza tarakimu zake. Hakuna aliyemharakisha.

TULIYOYAONA

Watu 13 walijaribu, yaani wote isipokuwa Mzee. Mpaka jua linatua watu 9 walikuwa wamefanikiwa kuona akaunti zao. Wanne kati yao walikuta kila kitu kiko sawa, na walifurahi mno. Mmoja aliita watoto wake waje waone.

Wawili walikuta kwamba wana namba mbili za Mfuko. Walipohama kutoka kwa mwajiri mmoja kwenda kwa mwingine waliandikishwa upya, na akiba yao ikagawanyika. Hao wanatakiwa kwenda ofisi ya Mfuko na kitambulisho ili akaunti ziunganishwe. Kama wasingetazama, labda wangezeeka wakidai nusu tu ya akiba yao.

Watatu waliobaki walikuwa wa mwajiri mmoja, ambaye hatutamtaja hapa. Walifungua taarifa zao mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alikuta miezi 7 mfululizo haina kitu. Wa pili vivyo hivyo, miezi ileile. Wa tatu alipofungua hatukuhitaji kuuliza, tulimwona uso wake. Kila mwezi katika hiyo miezi 7 walikuwa wamekatwa asilimia 5 yao, na karatasi za mshahara walikuwa nazo.

Yule mwenye mshahara wa shilingi 300,000 alipiga hesabu kwa kijiti mchangani: miezi 7 mara 45,000 ni shilingi 315,000. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ni zaidi ya mshahara wa mwezi mzima.

Katika wale 4 walioshindwa siku hiyo, wawili walishindwa kwa sababu ya majina, mmoja kwa sababu ya laini, na wa nne kwa sababu hakuwamo kabisa kwenye Mfuko. Huyu ni mama anayechagua kahawa kwa mwajiri mdogo. Ana miaka mitano katika kazi hiyo. Kila alipouliza aliambiwa kwamba wafanyakazi ni wachache, sheria haiwahusu.

MASHINE INAYOJIBU MASWALI

Kijana wetu mmoja, mpenda mambo mapya, alisema tusihangaike, tuiulize programu ya akili bandia, ile inayojibu swali lolote unaloandika. Tukamruhusu. Akaandika kwa Kiswahili: mwajiri mwenye wafanyakazi watatu nchini Uganda analazimika kuwachangia kwenye Mfuko?

Jibu lilikuja upesi, kwa Kiswahili safi kuliko chetu. Lilisema kwamba halazimiki, kwa kuwa sheria inawahusu waajiri wenye wafanyakazi kuanzia 5.

Yule mama aliinamisha kichwa. Lakini katibu alikuwa na nakala ya sheria mpya, akasimama na kusoma. Jibu la mashine lilikuwa la sheria ya zamani, iliyokuwa ikitumika kabla ya Januari 2022. Tuliiuliza tena, safari hii tukiitajia marekebisho ya 2022. Ikaomba radhi na kutoa jibu jingine, sahihi, kwa ufasaha uleule iliotumia kutoa lile la makosa.

Hatusemi kwamba chombo hiki hakifai. Siku nyingine kilitusaidia kuandika barua ya Kiingereza kwa ofisi moja, na barua ilikuwa nzuri. Tunachosema ni kwamba mashine haioni haya. Mtu akikudanganya utamwona macho yake. Mashine ikikosea haikunji uso. Kwa hiyo lolote inalosema kuhusu haki yako lipelekwe kwa mtu anayeijua sheria, kabla hujalikubali wala kulitumia kudai. Kama tungeishia kwenye lile jibu la kwanza, mama yule angerudi kazini akiwa ameshindwa mara ya pili, safari hii na wenzake wa chama.

MSHAHARA KATIKA SIMU

Tuliongea pia juu ya pesa za simu, maana baadhi ya waajiri wanalipa mishahara kwa njia hiyo. Jambo hili lilianza Kenya mwaka 2007 kwa M-Pesa, na hapa Uganda MTN Mobile Money ilianza mwezi wa Machi 2009. Leo hapa Kinyamaseke hata muuza ndizi anapokea kwa simu.

Faida zake tunazikubali. Mfanyakazi hasimami foleni mezani kwa karani, haviziwi njiani akiwa na mshahara mfukoni, na ule ujumbe wa simu ni ushahidi wa tarehe na kiasi alicholipwa.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalitazami. Ukitoa fedha kwa wakala unalipa ada, na juu yake kuna kodi ya serikali ya asilimia 0.5. Kodi hiyo ilianza Julai 2018 ikiwa asilimia 1. Watu walilalamika sana, na mwaka uleule ikapunguzwa na kuachwa kwa kutoa fedha tu. Mwenye kutoa shilingi 300,000 analipa kodi ya 1,500 mbali na ada ya wakala. Zamani mshahara ulipolipwa mkononi gharama hiyo haikuwapo. Kwa maoni yetu, mwajiri anayechagua kulipa kwa simu kwa manufaa yake aongeze gharama ya kutoa fedha juu ya mshahara. Hili ni jambo la kuingizwa katika mapatano, na tunawaomba viongozi wa matawi mengine walitie katika madai yao.

Lingine ni wezi. Baada ya siku ile ya mwembe mwenzetu mmoja alipigiwa simu na mtu aliyejidai ni wa Mfuko, akamwambia akiba yake imefungwa na kwamba inafunguliwa kwa kutaja zile tarakimu zilizotumwa kwenye simu. Bahati njema alikuwa ameonywa, akakata simu. Wakumbusheni wenzenu: hakuna ofisi ya haki inayohitaji namba yako ya siri. Tangu mwaka 2019 nchi yetu ina sheria ya kulinda habari binafsi za mtu, lakini fedha ikishaondoka ni kazi kubwa kuirudisha.

Tena tusitegemee simu peke yake. Siku ya uchaguzi mwaka 2016 mitandao ya kijamii na pesa za simu vilifungwa nchini, na Januari 2021 intaneti ilizimwa siku kadhaa. Aliyekuwa na karatasi ndani ya sanduku alibaki nayo.

SIMU PEKE YAKE HAIKUTOSHA

Sasa turudi kwa wale watatu wenye miezi 7 iliyopotea, maana hapo ndipo tulipopata fundisho letu.

Kesho yake asubuhi mmoja wao, kijana mwenye hasira ya haki, hakungoja mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa karani, simu mkononi, akamwonyesha. Karani aliitazama, akamwambia kwamba mashine hizo zina makosa mengi na asizisumbukie. Siku mbili baadaye nyapara alimwambia kazi imepungua, akae nyumbani mpaka aitwe. Alikaa wiki mbili. Watoto wake walikula kwa mkopo wa dukani.

Alikuwa na ukweli mkononi, ndugu zangu, na ukweli huo ulimponza, kwa sababu alikwenda nao peke yake.

Halmashauri ya tawi ilikutana haraka. Tuliwaomba wafanyakazi wote wa mahali pale watazame akaunti zao, na tukatoa simu na bando. Wengine walituma taarifa zao katika kikundi chetu cha WhatsApp, na kwa wasiosoma tulieleza kwa sauti, kwa Lukonzo, hatua kwa hatua. Ndani ya siku 5 tulikuwa na taarifa za watu 22. Wote 22 walikuwa na pengo la miezi ileile 7. Tulizichapisha katika duka la kompyuta Bwera, tukazibana pamoja na nakala za karatasi za mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupewa maelezo ya maandishi ya mshahara wake na makato yake, na hizo karatasi ndizo zilizotuokoa. Simu ilionyesha kwamba fedha haikufika, na karatasi ikaonyesha kwamba fedha ilikatwa. Moja bila nyingine isingetosha.

Safari hii hawakwenda watu kumwona karani. Mwenyekiti na katibu walikwenda kwa mwajiri mwenyewe na barua ya chama, na nakala ikapelekwa kwa afisa wa kazi wa wilaya na nyingine kwenye Mfuko. Neno la mashine kukosea halikutajwa tena. Mashine haiwezi kukosea kwa watu 22, kwa miezi ileile.

Mpaka tunaandika makala haya, miezi 4 kati ya 7 imelipwa, na tumeiona kwa macho yetu kwenye simu. Miezi 3 bado iko mezani kwa afisa wa kazi. Yule kijana amerudi kazini, lakini mshahara wa zile wiki mbili hajalipwa, na hilo nalo tumelitia katika madai. Mama wa kahawa ameandikishwa kwenye Mfuko kuanzia mwezi uliopita. Miaka yake mitano iliyopita bado tunaipigania. Hatutaki kuwadanganya kwamba tumeshinda yote.

TULIYOKUBALIANA

Tawi letu limejiwekea taratibu zifuatazo, nasi tunazipendekeza kwa matawi mengine:

1. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi ni siku ya kutazama akiba. Tawi linatoa simu na bando kwa asiye navyo.

2. Kila mwanachama ahifadhi karatasi zake za mshahara. Asiyepewa karatasi aidai, maana ni haki yake.

3. Kila mwanachama aikariri namba yake ya Mfuko, na ahakikishe kwamba jina lake, kitambulisho chake na namba ya simu iliyoandikishwa vinakubaliana.

4. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote: si kwa katibu, si kwa mwenyekiti, si kwa mtoto wa nyumbani.

5. Jibu la mashine kuhusu sheria halitumiki mpaka lithibitishwe na chama au ofisi husika.

6. Anayeona pengo katika akaunti yake asiende peke yake kwa mwajiri. Alete habari kwenye tawi kwanza, na tawi lichunguze kama wenzake nao wamepatwa.

Ndugu Wafanyakazi, tulianza jaribio hili tukidhani tunajifunza simu. Simu tumejifunza, na tunawashauri nanyi mjifunze, wazee kwa vijana, wanawake kwa wanaume. Lakini tumeona pia kwamba simu inampa mfanyakazi macho, na macho peke yake hayainui jiwe. Linainuliwa na mikono mingi. Yale wahenga waliyotuachia, kwamba umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu, intaneti haikuyafuta.

Jumapili iliyofuata Mzee wetu wa Kilembe alikuja tena. Yeye hana akaunti ya kutazama. Aliketi karibu na yule mama wa kahawa, ambaye siku hiyo aliona mchango wake wa kwanza umeingia. Mama hakujua kusoma tarakimu zote, kwa hiyo kijana alimsomea, kisha Mzee akaomba asomewe naye. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia mama: "Basi wewe unajua kilichoandikwa."

Tunawaomba wanachama wa matawi mengine ya Kasese, na popote bulletini hii inapofika, watuandikie waliyoyaona katika akaunti zao. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutawapa habari za ile miezi 3.